Vitabu vya Kiswidi vimejaa dukani London, vyetu viko wapi?



Leo naomba niyaweke kando kidogo mambo ya uchaguzi, Muungano na nani kasema nini, ingawa mbele ya safari nitarejea huko huko maana naona yote yanahusiana. Nataka kuzungumzia vitabu. Habari ya faida za kusoma imeshahubiriwa vya kutosha na kila mtu anajua jawabu lake, kwa hiyo sitoirudia. Nazungumzia kuviona tu: kuviona vitabu vimekaa mahali, katika filamu, madukani, kwenye treni, nyumbani kwa watu. Nina hakika wengi wenu mnaoishi nje mnavipita kila siku bila ya kuvitazama, kama nilivyokuwa mimi.

Jumamosi moja tulikwenda mimi, mke wangu na binti yetu wa miaka tisa kwenye duka la IKEA hapa London kumnunulia mtoto kitanda. Mnaolijua duka lile mnajua kwamba huingii ukachukua kitu chako ukatoka. Unapitishwa kwanza kwenye vyumba vya maonyesho, sebule baada ya sebule, jiko baada ya jiko, vyote vimepangwa kama kwamba wenyewe wametoka kidogo na watarudi sasa hivi. Humo mna yale makabati yao ya vitabu yanayoitwa Billy, ambayo wanayatengeneza tangu mwaka 1979, na ndani yake mmepangwa vitabu. Mimi siku zote nikidhani ni maboksi matupu ya urembo. Binti yangu akakitoa kimoja, akakifungua, akakunja uso.

"Baba, mbona hiki sikifahamu?"

Nikakichukua. Kilikuwa kitabu cha kweli, kina kurasa zote, kimeandikwa Kiswidi. Nikatoa cha pili, Kiswidi. Tukaenda chumba kingine, Kiswidi. Yule mtoto akauliza kwa nini wameweka vitabu ambavyo watu wa hapa hawawezi kuvisoma. Nikamwambia kwamba kampuni hii asili yake ni Uswidi, wameweka vya kwao. Akafikiri kidogo, kisha akauliza:

"Na vya kwetu vinawekwa wapi?"

Nikamjibu haraka kwamba viko Zanzibar. Ni jawabu la mtu anayetaka kumaliza mazungumzo. Lakini nilipokuwa naendesha gari kurudi nyumbani, kitanda kiko nyuma kwenye maboksi, nilijua kwamba sikumwambia kweli. Tulipofika nikaizungukia nyumba yangu mwenyewe kama mgeni. Nikaona televisheni kubwa, kabati la vikombe ambavyo havinywewi chai, Msahafu na juzuu za mtoto juu ya rafu, vitabu vya skuli vya Kiingereza, na rundo la barua za kanseli. Kitabu cha Kiswahili hakikuwepo hata kimoja. Na mimi ndiye yule ambaye kila usiku nabishana nanyi hapa, kwa Kiswahili, kuhusu heshima ya nchi yetu na utamaduni wetu!

Wasweden wako milioni 10 na kidogo. Kiswahili, kwa hesabu ya UNESCO, kinazungumzwa na watu zaidi ya milioni 200, na mwaka 2021 shirika hilo lilikipa siku yake ya dunia, tarehe 7 Julai. Kila mwaka siku hiyo ikifika tunatumiana picha na kupongezana. Jee, ndugu zangu, siku hiyo ni wangapi kati yetu wanaweza kunyanyuka pale walipokaa, wakanyoosha mkono na kukigusa kitabu cha Kiswahili?

Tangu Jumamosi ile nimepata maradhi ya kutafuta vitabu kwa macho. Kazi yangu ni kuendesha teksi usiku, na nikirudi alfajiri usingizi hauji mara moja, hivyo baada ya sala hutazama filamu. Basi siku hizi hadithi inanipita, macho yako nyuma ya mchezaji, natafuta rafu.

Chukueni filamu ya The Equalizer ya mwaka 2014, ambayo nadhani kila mtu ameiona. Sisi tunaikumbuka kwa namna Denzel Washington anavyowamaliza majambazi huku akiangalia saa yake. Lakini itazameni tena mwanzo wake. Yule bwana hapati usingizi, anakwenda kwenye mkahawa usiku, anakaa meza ile ile, na mkononi ana kitabu, The Old Man and the Sea cha Hemingway. Yule binti mdogo anayefanya biashara ya mwili anamuuliza habari za mzee na samaki wake, na urafiki wao unaanzia kwenye kitabu. Baadaye tunaambiwa anafuata orodha ya vitabu 100 ambayo marehemu mkewe aliianza na hakuwahi kuimaliza. Katika sehemu ya pili, ya mwaka 2018, amekuwa dereva wa teksi kama mimi, na kijana mmoja wa mtaani kwake anayetaka kupotea anampa kitabu cha Ta-Nehisi Coates. Hii ni filamu ya kupigana, waungwana, mafundisho ya skuli hayamo.

Katika The Shawshank Redemption ya mwaka 1994 mfungwa anaandika barua kila wiki kwa miaka kuomba fedha za maktaba ya jela, mpaka wakubwa wanachoka na kumpa. Katika Malcolm X ya Spike Lee, ya mwaka 1992, yule kijana anageuka mtu mwengine pale anapofungua kamusi gerezani. Notting Hill ya mwaka 1999 mwenye duka la vitabu ndiye anayempata mwanamke mzuri, jambo ambalo kwetu tungesema mwandishi katia chumvi.

Mtengenezaji wa filamu anapomtia mtu kitabu mkononi anaokoa maneno mengi. Mtazamaji anafahamu mara moja kwamba huyu ana kitu ndani yake, au ana upweke, au ana hamu ya kutoka alipo. Alama hiyo inafanya kazi kwa sababu mtazamaji mwenyewe amezoea kuona vitabu. Mngemvisha joho mchezaji mbele ya watu wasiojua joho ni nini, wasingefahamu kitu.

Nikageukia filamu zetu. Nikakaa na kalamu kama mjinga, nikatazama filamu kama kumi hivi za Bongo za miaka tafauti. Niliona masofa yanayong'aa, maua ya plastiki, kabati la vioo, funguo za gari mezani, na televisheni iliyowashwa. Karatasi zipo, lakini karatasi ikionekana ujue kuna msiba: ni wasia wa kughushi, ni talaka, au ni majibu ya hospitali. Vitabu niliviona mara moja tu, nyuma ya kichwa cha mwanasheria, vile vinene vya sheria vya Kiingereza, na hakuna aliyevigusa mpaka filamu ikaisha. Siwalaumu watengenezaji. Wao wanaazima sebule za watu na kuzipiga picha kama zilivyo. Sebule ndizo zinazosema kweli.

Na tunacho cha kujivunia, tusisahau. Mwaka 2021 filamu ya Vuta N'kuvute ya Amil Shivji ilionyeshwa kwenye tamasha la Toronto, na mwaka uliofuata Tanzania ikaipeleka kugombea Oscar. Filamu ile imetokana na riwaya ya Adam Shafi iliyotoka mwaka 1999, inayotupeleka Unguja ya miaka ya mwisho ya Mwingereza, na Yasmini na Denge wake. Jamaa zangu walipoiona walifurahi sana, wakasema kumbe tunaweza. Nikawauliza nani amekisoma kitabu. Mmoja alisema alikisoma skuli. Mwengine aliniuliza, "Kwani kuna kitabu?"

Mwaka ule ule, mwezi wa Oktoba, Abdulrazak Gurnah alipata tuzo ya Nobel. Hapa London vitabu vyake viliwekwa kwenye madirisha ya maduka, picha yake kubwa, na mimi nilisimama njiani nikatazama kama aliyemuona ami yake kwenye televisheni. Tulibishana wiki nzima kama yeye ni wetu au si wetu, kama ni Mtanzania, ni Mzanzibari au ni Muingereza. Waliokuwa wamefungua ukurasa wake hata mmoja walikuwa wachache, na mimi sikuwa miongoni mwao. Mwaka 2022 riwaya yake ya Paradise ilitoka kwa Kiswahili kwa jina la Peponi, imefasiriwa na Ida Hadjivayanis na kuchapishwa Dar es Salaam. Huo ulikuwa wakati wa kukinunua wote, wale waliosema ni wetu na wale waliosema si wetu. Jee, tulikinunua?

Sasa kuna watakaosema huyu bwana amelewa Uzungu. Nawaomba subira. Sisemi kwamba Waingereza wameumbwa na mapenzi ya vitabu na sisi tumeumbwa bila. Nimeangalia mambo yalivyo hapa, na nimeona kwamba vitabu vimekaa kila mahali kwa sababu kuna watu waliokaa wakapitisha maamuzi.

Sheria ya maktaba za umma ilipita Bungeni mwaka 1850. Kodi ya VAT ilipoingia Uingereza mwaka 1973, kitabu kiliwekewa sifuri, na mpaka leo ni sifuri, na tangu mwaka 2020 hata kile cha kusomwa kwenye simu au kompyuta. Tangu mwaka 1986 mashairi yanabandikwa ndani ya treni za chini ya ardhi, palepale panapobandikwa matangazo ya dawa za mafua, na abiria aliyebanwa kama dagaa anasoma shairi kwa sababu hana pengine pa kutazama. Simu za mkononi zilipoviua vile vibanda vyekundu vya simu, vijiji vikaruhusiwa kuvichukua, na vingi vimetiwa rafu vikawa vijimaktaba vya kubadilishana vitabu: unachukua kimoja, unaacha kimoja, hakuna mlinzi. Maduka ya mitumba ya hisani, haya tunayoyaita "cheriti", yana pembe ya vitabu pembeni ya makoti na vyombo, na Oxfam ina maduka ya vitabu vitupu. Kitabu cha pauni nane utakipata huko kwa pauni moja au mbili.

Na wao pia wana maovu yao katika jambo hili. Tangu mwaka 2010 mamia ya maktaba zimefungwa nchini humu kwa sababu ya kubana matumizi, na maeneo ya masikini yameumia pia. Abiria wangu wengi wako kwenye simu. Lakini watu waliandamana, waliweka foleni kwenye maktaba zao, wengine wamezichukua wanaziendesha wenyewe kwa kujitolea. Mtu huandamana kwa kitu alichokizoea kukiona.

Nije nyumbani, na nianze na kisa changu mwenyewe.

Nilipokuwa mdogo Unguja, mwanzo wa mapenzi yangu ya hadithi ulikuwa njugu. Muuza njugu wa mtaani kwetu alikuwa akizifunga kwenye karatasi iliyokunjwa kama pembe, na karatasi hizo alizipata kwenye madaftari ya zamani, magazeti na vitabu vilivyochakaa. Mimi nikila njugu kisha nakunjua karatasi nasoma. Siku moja nikapata ukurasa wa hadithi ya bwana mmoja mwenye kiko, mtulivu, anayechunguza kifo cha mtu. Ukurasa ukakatika pale pale penye uhondo. Nikarudi kwa muuza njugu nikanunua tena, nikapata hesabu za mtu. Nikanunua tena, nikapata gazeti. Pesa yangu ya skuli ikaisha na hadithi sikuipata. Miaka mingi baadaye, nimeshakuwa mtu mzima, ndipo nilipofahamu kwamba yule alikuwa Bwana Msa wa Muhammed Said Abdulla, aliyeshinda mashindano ya uandishi na kitabu chake cha kwanza, Mzimu wa Watu wa Kale, kikatoka mwaka 1960. Mzee wetu huyu alituletea upelelezi wa Kiunguja kabla ya uhuru. Na mimi nilikutana naye akiwa amefungiwa njugu.

Nilipokwenda likizo mara ya mwisho niliapa kurudi na vitabu. Nilianza na maduka ya watalii ya Mji Mkongwe, kwa sababu ndiyo yenye vitabu dirishani. Vimo vizuri, vina picha za milango na karafuu, na kumbukumbu za Bibi Salama binti Said zimo, zile alizozitoa kwa Kijerumani mwaka 1886. Lakini vyote nilivyoviona vilikuwa kwa lugha za wageni, na kwa bei za wageni. Nikauliza vya Kiswahili. Kijana akanionyesha kitabu cha maneno ya kumsaidia mtalii kuomba maji na kuuliza njia.

Nikaenda maduka ya wenyeji. Huko vitabu viko, lakini ni vya mtihani: maswali na majibu, muhtasari, mazoezi. Hata riwaya nilizoziona zilikuwa zile zilizomo kwenye mtaala mwaka huo. Nikamuuliza muuzaji mmoja, kijana mwenye adabu, kama ana cha mtu kusoma tu. Akacheka.

"Ami, mtu anayesoma tu hanunui. Anayenunua ana mtihani."

Nimelifikiria sana neno hili. Kitabu kwetu kimefungwa na mtihani, na mtihani ukisha kitabu kinakwenda kwa muuza njugu. Mtoto hajapata kumuona mtu mzima amekaa na kitabu bila ya kulazimishwa. Amemuona baba anasikiliza redio, anacheza bao, anatazama mpira, anazungumza siasa barazani. Akimaliza skuli anafanya anayoyaona. Na serikali zetu hazisaidii. Wenzetu wa Kenya mwaka 2013 walipitisha sheria ya VAT iliyotia vitabu kodi ya asilimia 16, kitabu kikawa sawa na sabuni ya manukato.

Nilisema nitarudi kwenye siasa, na hapa ndipo penyewe.

Sisi humu tunabishana kuhusu Mapinduzi ya 1964, kuhusu Muungano, kuhusu nani alimsaliti nani. Kila mmoja ana ya kwake aliyoambiwa na babu yake. Angalieni vitabu vyenyewe vya wakubwa wetu vimeandikwa kwa lugha gani. Mzee Aboud Jumbe, aliyekuwa Rais wa Zanzibar na akaondolewa mwaka 1984 kwa sababu ya suala la Muungano, aliandika kitabu chake juu ya Muungano mwaka 1994. Kiingereza. Kumbukumbu za Ali Sultan Issa na za Maalim Seif Sharif Hamad zilitoka pamoja mwaka 2009, zimekusanywa na Mmarekani, zimechapishwa Marekani. Kiingereza. Mzee Mkapa mwaka 2019 akatoa yake. Kiingereza. Aliyetupa heshima ni Mzee Ali Hassan Mwinyi, ambaye mwaka 2021 alituandikia safari ya maisha yake kwa Kiswahili safi, kitabu ambacho muuza samaki na mjukuu wake wanaweza kukisoma pamoja. Tukubaliane naye kisiasa au tusikubaliane, kwa hilo alitutendea uungwana.

Matokeo yake ni nini? Mtu wa Makunduchi, wa Wete au wa Tandale anayetaka kujua kiongozi wake mwenyewe alisema nini kuhusu maisha yake, lazima ajue Kiingereza, awe na pesa, na apajue pa kukinunua. Asipoweza, anabaki na uvumi, na uvumi ni shamba la wanasiasa. Kila baada ya miaka mitano wanakuja wanatupandia chuki mpya juu ya historia ile ile, na sisi hatuna kitabu mezani cha kukifungua na kusema, "Hebu ngoja, hapa imeandikwa hivi." Wala sisemi kitabu kikiandikwa ndiyo kweli tupu. Vitabu vinagombana kama watu. Lakini kitabu unaweza kukirudia kesho ukakikuta kimesema lile lile lililosemwa jana, na mwanasiasa huwezi.

Kuna majibu matatu ninayoyajua kwamba yatakuja, na nayajibu kabisa.

La kwanza ni umasikini: mtu hana unga, atanunua kitabu? Kweli, yuko ambaye hana, na huyo hatumdai. Lakini mimi na wewe tunaochangishana mamilioni ya shilingi kwa sare ya harusi si yeye. Na zile sebule zenye televisheni ya inchi 55 si zake.

La pili ni kwamba utamaduni wetu ni wa mdomo, vitabu ni mambo ya Wazungu. Hili linaniudhi khasa. Kasomeni habari za hati za kale za Kiswahili zilizoandikwa kwa herufi za Kiarabu, tendi na mashairi ya Pate, Lamu na Mombasa. Watu wetu waliandika kabla ya Mzungu kutufundisha a, e, i, o, u. Nyingi ya hati hizo leo zimehifadhiwa hapa hapa London, kwenye chuo cha SOAS, mwendo wa dakika chache kutoka ninaposhusha abiria kila usiku. Na tazameni nyumba zetu: hakuna nyumba ya Muislamu isiyokuwa na Msahafu, umewekwa juu, una marufaa yake, hushikwi bila ya udhu. Watu wanaojua kukitukuza kitabu namna hiyo hawawezi kusema hawajui kitabu ni nini. Chini ya rafu ile ya Msahafu pana nafasi tele.

La tatu ni kwamba kila kitu sasa kiko kwenye simu. Kiko, na hakuna ubaya. Lakini mtoto akikuona umeinamia simu hajui kama unasoma Peponi au unatazama watu wakidondoka kwenye ngazi. Kitabu cha karatasi kinaonekana na aliyekaa ubavuni, na hapo ndipo jambo linapoambukizwa.

Basi tufanye nini? Sina mpango wa kuunda jumuiya, mwenyekiti na katibu, maana tunajua zinavyoishia. Nina mambo madogo tu.

Tunapopeleka mapipa na makontena nyumbani, tuache kupeleka vitabu vilivyotupwa na skuli za hapa. Mtoto wa Kizimkazi historia ya wafalme wa Uingereza, toleo la zamani, haimsaidii kitu. Nimefanya kosa hilo mimi mwenyewe, na baadaye nikasikia yale maboksi yamekaa stoo. Pesa ya kusafirishia maboksi yale ingenunua riwaya mpya za Kiswahili kule kule, na mchapishaji wetu na mwandishi wetu wangepata riziki.

Tukienda likizo, kila mtu arudi na vitabu vitano katika ule uzito wa sanduku tunaojaza muhogo mkavu na pilipili. Kimoja tumuachie kinyozi, kimoja tumuachie msusi. Saluni mtu anakaa saa tatu, anasomaje kalenda ya ukutani kwa saa tatu?

Wenye mikahawa yetu huku, Barking, Dubai, Muscat, Minneapolis, wekeni rafu moja karibu na chai. Ndugu zetu mnaotengeneza filamu, mkiazima sebule ya mtu, tieni Kuli ya Adam Shafi au Kiu ya Mohamed Suleiman mezani karibu na rimoti. Hamtapoteza senti. Na viongozi wetu wanaotaka kutuachia kumbukumbu zao, tuwaambie wazi: tuandikieni sisi kwanza, Wamarekani watafasiri wenyewe wakitaka.

Kwangu mimi nimeshaanza. Yule kijana muuzaji alinitafutia kwa jamaa zake, nikarudi London na vitabu kumi na moja, vingine vipya, vingine vimeliwa na mende. Viko sebuleni, mahali pa vile vikombe. Kimoja hukaa mbele kwenye gari, na wiki mbili zilizopita abiria mmoja, mama wa makamo aliyetoka zamu ya hospitali usiku, alikitazama muda mrefu kisha akaniuliza kwa Kiswahili cha Bukavu, "Baba, hicho umekitoa wapi?" Tulizungumza mpaka mlangoni kwake, na nimemuahidi kumuazima nikimaliza.

Binti yangu naye anasoma, pole pole, kidole kiko chini ya mstari, na anaulizia maneno ambayo mengine hata mimi nalazimika kumpigia simu mama Unguja. Juzi alinijia na shauri. Alitaka turudi kwenye lile duka, tukipenyeze kitabu kimoja cha Kiswahili katikati ya vile vya Kiswidi, tukiache hapo.

Shauri lilinipendeza, lakini nilimkatalia. Nilimwambia hicho alichokishika nakala ni hiyo moja tu, na sijui nikiipoteza nitaipata wapi nyengine.

Naomba kuwasilisha.